Slim wa Burma: jenerali aliyeanza na mbu kabla ya adui

Mwishoni mwa 1943, katika Vita ya Pili ya Dunia, jenerali wa Uingereza William Slim alipokabidhiwa Jeshi la 14 kwenye mpaka wa India na Burma (leo Myanmar), hesabu iliyomtisha kuliko zote haikuwahusu Wajapani. Kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa. Malaria peke yake ilikuwa ikiangusha kwa mwaka idadi iliyo sawa na asilimia 84 ya jeshi zima. Nyuma yake kulikuwa na kuhara damu na taifasi ya porini inayoenezwa na utitiri. Kila siku watu 12 katika kila 1,000 walitolewa vikosini. Kwa kasi hiyo, kama hakuna nyongeza, jeshi linaisha ndani ya miezi mitatu hata adui asipofyatua risasi.

Waandishi wengi humsifu Slim kwa tabia yake: hakuwa na makuu, aliongea kwa upole, alipanda juu ya gari la jeep kuzungumza na askari kwa Kinepali na Kiurdu. Ni kweli, lakini sifa hizo zimeificha kazi yenyewe. Slim alishinda Burma kwa sababu aliichukua afya ya askari, chakula na usafiri kuwa kazi ya kamanda, akaisimamia kwa ukali uleule wa kupanga mashambulizi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hili vizuri, maana askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, ndio waliotumwa kwenye bonde ambako mahesabu yake yalijaribiwa kuliko karibu popote pengine.

Hakuzaliwa kwenye tabaka la majenerali. Alizaliwa Bristol tarehe 6 Agosti 1891, akakulia Birmingham, baba yake mfanyabiashara wa vyuma ambaye mambo hayakumwendea vizuri. Fedha ya chuo haikuwepo. Slim alifundisha shule ya msingi kwenye mitaa ya maskini, kisha akawa karani katika kampuni ya mabomba ya chuma. Mafunzo ya uofisa aliyapata kwa kujipenyeza kwenye kikosi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Birmingham ingawa hakuwa mwanafunzi. Vita ya 1914 ilipoanza akapewa kamisheni ya muda katika Royal Warwickshire. Alijeruhiwa vibaya Gallipoli mwaka 1915, akajeruhiwa tena Mesopotamia mwaka 1917. Baada ya vita alihamia Jeshi la India, katika vikosi vya Gurkha vya askari wa Nepal, kwa sababu moja iliyo wazi: ofisa asiye na mali ya nyumbani aliweza kuishi kwa mshahara wake huko, jambo lililokuwa gumu Uingereza. Hata hivyo mshahara haukutosha, akawa anaandika hadithi za magazeti kwa jina la Anthony Mills, ambalo ni Slim lililosomwa kinyumenyume.

Niliweke wazi hili: ofisa aliyewahi kuhesabu senti za nyumba yake alikuwa tayari kuhesabu tani za mchele. Wenzake wengi waliona ugavi kama kazi ya watu wa nyuma.

Kushindwa kwake kwa kwanza kulikuwa jirani na kwetu. Novemba 1940, akiwa brigedia wa Brigedi ya 10 ya India, alitumwa kuiteka Gallabat, ngome ya mpakani mwa Sudan na Ethiopia iliyokuwa mikononi mwa Waitalia. Aliipata ngome asubuhi ya kwanza. Kisha mambo yakaharibika moja baada ya jingine. Alikuwa na vifaru 12 tu, na vingi vilikatika minyororo kwa mabomu ya kutegwa na mawe. Ndege za Uingereza zilipelekwa angani chache chache zikaangushwa. Mabomu ya Waitalia yakateketeza gari la risasi, na sehemu ya batalioni yake ya Kiingereza ikakimbia. Slim alitaka kushambulia tena kuelekea Metemma, mji wa ng'ambo ya mpaka, washauri wake wakamwambia arudi, akarudi. Baadaye alipata habari kwamba Waitalia nao walikuwa ukingoni mwa kuvunjika. Aliandika mwenyewe, bila kumtupia mtu lawama, kwamba kati ya njia mbili alichagua ile iliyochaguliwa na hofu. Makamanda wengi huficha siku kama hiyo kwenye taarifa rasmi. Yeye aliifanya somo, na baada ya hapo ni vigumu kumwona akichagua njia ya woga.

Machi 1942 akapelekwa Burma, Rangoon, mji mkuu, ikiwa tayari imeanguka tarehe 8. Kilichofuata kilikuwa kurudi nyuma kwa kilomita zipatazo 1,400, kurefu kuliko kwingine kote katika historia ya jeshi la Uingereza. Sababu ya kushindwa ilikuwa ya kiufundi. Jeshi lote lilitembea kwa magari, na magari yalihitaji barabara moja. Mjapani alipita msituni kwa miguu, akatokea nyuma, akaweka kizuizi barabarani. Kila mara Waingereza waliacha mbele ili wafungue nyuma, na kila mara walipoteza watu na vifaa. Kwenye mto Chindwin karibu vifaru vyote vilivyobaki viliachwa ukingoni kwa sababu feri zilikuwa chache. Waliofika Imphal, upande wa India, mwezi Mei, mvua za monsuni zikiwa zimeanza, walikuwa wamekonda na kuchakaa, lakini walifika wakiwa na bunduki zao na kwa vikosi vyao.

Hapo ndipo Slim alipobadilisha mambo. Alianza na malaria.

Kabla yake, mgonjwa wa malaria alisafirishwa kwa lori, treni na meli hadi hospitali za ndani ya India, na kwa wastani alirudi kikosini baada ya miezi mitano, kama alirudi. Slim na madaktari wake wakaweka vituo vya matibabu vya mahema maili chache tu nyuma ya mapigano. Mgonjwa alifikishwa ndani ya saa 24 tangu homa imshike, akatibiwa, na baada ya wiki tatu hivi akawa kwenye platuni yake. Faida yake ilikuwa mara mbili: muda uliookolewa, na malori na vitanda vya treni vilivyoachwa huru kubeba risasi.

Kisha kinga. Kidonge cha mepakrini kilikuwepo, lakini askari hawakukipenda. Kiligeuza ngozi kuwa ya manjano, na uvumi ukaenea kwamba kinamaliza nguvu za kiume. Maofisa wengi walitoa amri, wakagawa vidonge, wakaishia hapo. Slim aliamuru ukaguzi wa ghafla: kikosi kizima kinapimwa bila taarifa, na iwapo chini ya asilimia 95 watakutwa na dawa mwilini, kamanda wa kikosi anaondolewa. Aliwaondoa watatu. Hakuhitaji kumwondoa wa nne. Sambamba na vidonge, kaptura zilipigwa marufuku jioni, mikono ya shati ilishushwa kabla ya jua kuzama, na mafuta ya kufukuza mbu yalipakwa usoni na mikononi. Kufikia 1945, wanaotolewa vikosini kwa ugonjwa walikuwa mmoja katika kila 1,000 kwa siku.

Tazama alipoiweka adhabu. Askari anayetupa kidonge hakuguswa. Aliyeguswa ni luteni kanali. Wizara ya afya, jeshi au kampuni ya ujenzi ikitaka kanuni ifuatwe huku chini, wa kubanwa ni yule mwenye uwezo wa kuisimamia. Nchi zetu zina vyandarua vingi vilivyogawiwa kisha visitumike, na mara chache kiongozi yeyote huulizwa.

Jambo la pili lilikuwa anga. Kama kizuizi cha barabarani ndicho kilichovunja jeshi mwaka 1942, jibu lilikuwa kutoihitaji barabara. Kikosi kilichozungukwa kikae palepale, kipigane, na chakula kishuke kutoka juu. Hilo lilihitaji miavuli kwa maelfu, na Burma ilikuwa ya mwisho kwenye orodha ya ugawaji wa London. Mkuu wake wa ugavi, Alf Snelling, alikwenda kwa wenye viwanda vya juti vya Calcutta, watu wanaosuka magunia, akawaomba mwavuli wa juti. Ndani ya mwezi mmoja hivi ulikuwa tayari. Mwavuli wa kawaida una tundu juu la kupitisha hewa ili usiyumbe. Huu ulitegemea ulegevu wa ufumaji wenyewe, hewa ikapita kati ya nyuzi. Ulifanya kazi kwa kiwango cha asilimia 85 ya ule wa kawaida. Wa kawaida uligharimu zaidi ya pauni 20, wa juti pauni moja na kidogo. Haukufaa kumshusha mtu, wala vifaa vyepesi kuvunjika. Kwa unga, risasi na nyama ya kopo ulitosha. Mchele na chakula cha nyumbu wa mizigo havikuhitaji mwavuli kabisa: viliwekwa kwenye gunia ndani ya gunia lililo kubwa zaidi, la ndani likipasuka linapogonga ardhi, la nje linabaki na mchele.

Anga nayo ina mipaka, na Slim aliijua kwa namba. Ndege ya Dakota ilikuwa na faida hadi umbali wa kilomita 400 hivi kutoka uwanja wake. Ukizidi hapo, mafuta yanakula mzigo. Ndiyo maana Januari 1945 visiwa vya Akyab na Ramree vilitekwa: pasipo viwanja vya pwani, jeshi lililokuwa likishuka kuelekea Rangoon lingekufa njaa katikati ya nchi.

Vita kubwa za Imphal na Kohima, Machi hadi Julai 1944, zisomwe kwa jicho hilohilo. Jenerali Mutaguchi wa Japani alivuka Chindwin na divisheni tatu, watu wapatao 85,000, wakiwa na chakula cha wiki tatu tu. Mpango wake ulikuwa kula akiba ya Waingereza atakapoiteka. Slim aliamua kurudi nyuma kwa makusudi hadi tambarare ya Imphal, penye viwanja vya ndege na maghala, ili Mjapani apigane akiwa na mto na milima mgongoni. Aliihamisha Divisheni ya 5 ya India kwa ndege kutoka Arakan, pwani ya magharibi ya Burma, ikatoka vita moja ikaingia nyingine. Vikosi vya mbele vilipopunguziwa mgao kuwa nusu, aliamuru makao yake makuu nayo yale nusu. Barabara ya Imphal ilifunguliwa tarehe 22 Juni, na Wajapani walirudi wakiacha takriban 30,000 wamekufa, wengi kwa njaa na maradhi.

Alikosea pia, na makosa yake yalikuwa makubwa. Alichelewa kuiamuru Divisheni ya 17 irudi, nusura ikatwe njiani. Aliamini Kohima, kati ya milima ile, haiwezi kufikiwa na zaidi ya regimenti moja. Ikaja divisheni nzima ya 31, dhidi ya wapiganaji wapatao 1,500. Kilichomwokoa ni ushujaa wa waliozingirwa na ukaidi wa Jenerali Sato, kamanda wa divisheni hiyo, ambaye alikomalia kilima cha Kohima wakati Dimapur, kituo kikuu cha reli na akiba, ilikuwa karibu wazi. Slim aliyaandika yote mawili katika kitabu chake cha 1956 kama makosa yake mwenyewe.

Baada ya Imphal, desturi ilikuwa kusubiri mvua ziishe. Slim alikataa: Mjapani aliyevunjika asipewe miezi mitano ya kujijenga. Lakini njia ya kumfuata ilipita Bonde la Kabaw, ambalo wakimbizi wa 1942 waliliita bonde la mauti kwa malaria na taifasi yake. Kazi hiyo ilipewa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes: batalioni za Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na Northern Rhodesia Regiment. Walikuwa wamekwisha kufiwa kabla ya kufika. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Regimenti ya 301.

Walianza kushuka kutoka Tamu, mji wa mpakani upande wa Burma, mwezi Agosti. Njia ilikuwa tope hadi ekseli, malori yalisimama, hata nyumbu walizama. Divisheni iliishi kwa vilivyoshushwa na Dakota, siku ambazo mawingu yaliruhusu. Tembo waliofunzwa kazi ya magogo walivuta mihimili ya mti wa msaji kujenga madaraja madogo. Katikati ya Novemba waliungana na Divisheni ya 5 pale Kalemyo, kisha wakapigana kupita korongo la mto Myittha na kuichukua Kalewa tarehe 2 Desemba. Tarehe 10 likafunguliwa daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la kuelea juu ya Chindwin, mita 352, refu kuliko lolote la aina yake wakati huo. Jeshi la 14 likavuka mto uleule lililoukimbia miezi 31 nyuma, na aliyefungua njia ni askari wa Keya.

Nyuma yao barabara ilitandikwa juti tena. Mafundi walisawazisha udongo, wakaushindilia, wakatandaza vipande vya juti vilivyolowekwa kwenye lami, kimoja kikilalia ukingo wa kingine kama vigae. Siri ilikuwa kwenye usawazishaji na mifereji. Penye shimo dogo chini ya kitambaa maji yalituama, gurudumu la kwanza likapasua, na siku ya pili palikuwa dimbwi. Kwa hiyo kila kipande cha barabara kilikuwa na kundi lake la watu wa kuziba na kutazama, mchana kutwa.

Kuvuka mto Irrawaddy ndiko kunakosifiwa zaidi vyuoni, nami nitapita hapo haraka. Slim alipogundua kwamba Kimura, jenerali mkuu wa Wajapani Burma, amerudi ng'ambo ya mto, aliacha mpango wake ndani ya siku chache. Aliacha kikosi kimoja kikipiga kelele mbele ya Mandalay, akaipeleka Kori ya 4, kundi la divisheni kadhaa, kwa siri kusini, huku makao ya uongo ya kori hiyo yakiendelea kutuma redio kutoka Tamu. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ilitangulia njiani kwa sababu maalumu: Wajapani walijua Waafrika wako upande huo, hivyo kuwaona kusingewashtua. Tarehe 14 Februari 1945 mto ukavukwa Nyaungu, Meiktila ikaanguka mwanzoni mwa Machi, Mandalay tarehe 20. Mamia ya mashua ya mbao zilizoundwa Kalewa ndizo zilizobeba mizigo. Hata wakati Wamarekani walipoondoa ghafla ndege 75 asubuhi ya tarehe 10 Desemba 1944 kuzipeleka China, mpango ulipunguzwa kasi tu, kwa sababu haukutegemea njia moja.

Rangoon ilichukuliwa Mei 1945, na mwezi huohuo mkuu wake, Oliver Leese, akajaribu kumwondoa kwenye jeshi lake. Malalamiko yalifika London, Leese akaondolewa yeye, na Slim akachukua nafasi yake. Mwaka 1948 waziri mkuu Attlee alimwita kutoka kazi ya reli awe mnadhimu mkuu wa jeshi la Uingereza, ofisa wa kwanza wa Jeshi la India kushika cheo hicho, kinyume na alivyotaka Montgomery, aliyemtangulia. Akawa Fildi Masho mwaka uliofuata, na Gavana Mkuu wa Australia kuanzia 1953 hadi 1960. Alifariki Desemba 1970.

Ya Australia hayawezi kurukwa. Watu waliolelewa wakiwa watoto katika shule ya shamba ya Fairbridge, Molong, walikuja kusema kwamba Slim aliwashika kwa njia ya aibu alipoitembelea akiwa gavana. Alikuwa amekwisha kufa, hakuna mahakama iliyoyasikiliza madai hayo, lakini waliyatoa kwa majina yao, na barabara ya Canberra iliyoitwa kwa jina lake ikabadilishwa. Ushindi wa Irrawaddy hauwajibu watu hao. Anayeandika maisha yake akaishia 1945 anaandika nusu.

Na kuna hesabu ambayo Slim hakuipanga yeye, lakini jeshi lake lilijengwa juu yake. Katika Keya, Mwafrika alipanda hadi ofisa wa waranti. Kamisheni ilikuwa ya wazungu. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa hata malipo ya mwisho wa vita yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata hata theluthi moja tu ya mzungu wa cheo kilekile. Askari waliona tofauti hiyo wakiwa na macho mapya, wamekwisha kuona Muingereza akiogopa, akiugua na akifa kama mtu yeyote. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa Keya huko Burma. Miaka michache baadaye ndiye Jenerali China wa Mau Mau, akiyatumia Mlima Kenya mafunzo ya msituni aliyofundishwa na jeshi hilohilo.

Vyuo vyetu vya unadhimu, Duluti (Tanzania), Karen (Kenya) na Kimaka (Uganda), vina sababu ya kuifanya safari ya Tamu hadi Kalewa kuwa zoezi la darasani kabla ya Irrawaddy. Mwanafunzi apewe ramani, divisheni moja yenye brigedi tatu, Dakota zenye mzigo wa tani mbili na nusu kila moja, siku za mvua zisizoruhusu kuruka, na kiwango cha malaria cha 1943. Aambiwe aonyeshe kwa tarakimu atawalisha vipi askari hao kuanzia Agosti hadi Desemba, nani atakagua vidonge, na kamanda yupi ataondolewa visipomezwa.